Draiva ya Fundi Sabiri

Fundi Sabiri wa Old Korogwe hakuwahi kumwibia mtu. Haki ya Mungu! Yeye alichukua tu alichopewa kwa heshima, na shukrani juu yake.

Ndiyo maana alipopita Kwamsisi kule Handeni, akamkuta Mama Zamda, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, anakipigapiga kisanduku cha TV cha bei chee, moyo ulimjaa huruma. Kidude cha waifai kimechomekwa, kisanduku hakikitambui, na wateja wote wamehamia kwa jirani.

"Shikamoo mama. Hapa tatizo draiva, ile programu ya kukitambulisha kidude," alisema, uso wa msibani. "Nikiiweka, mtandao utajaa humu mpaka uukimbie."

"Marahaba. Iweke basi, mwanangu, nitafunga biashara mie!"

Draiva aliiweka kweli, kutoka kwenye flashi. Kitu cha bure kabisa, ila nani kamuuliza? Kisha akatia mkono mfukoni, akawasha hotspoti ya simu yake, kisanduku kikaanza kunyonya bando lake. Picha ikaja bila chenga. Mama Zamda akalipa, Sabiri akapanda bodaboda, na mtandao ukapanda naye.

"Draiva imelegea," alieleza alipoitwa tena. "Vumbi la huku kwenu." Akaikaza, akalipwa, na nauli juu. Ikalegea tena. Draiva gani hiyo, jamani!

Safari ya tatu Mama Zamda hakumsindikiza. Alibaki anatazama skrini. Pikipiki ikanguruma nje, ikatokomea, picha ikaganda. Mama akacheka peke yake.

Siku ya fainali akamwalika Sabiri kula pilau. Kibanda kilifurika, na mgeni akakalishwa kiti cha mbele.

"Huyu ndiye fundi wetu!" Makofi yakapigwa, naye akaiwasha hotspoti mfukoni. Sasa mtu wa kupigiwa makofi ataagaje?

Dakika tisini, sare. Nyongeza, sare. Bando la mwezi mzima lilikuwa linayeyuka mfukoni, na Sabiri roho ikamuuma kwelikweli.

"Mama, natoka kidogo, tumbo."

Alipofika barabarani, mpiga penalti akaganda mguu hewani. Kibanda kikalipuka. Vijana wanne wakamfuata mbio, wakamrudisha wamembeba juujuu.

"Kaa hapo, fundi! Wewe ukitoka draiva inalegea!"

Penalti ya mwisho iliingia, na simu ikamletea ujumbe kuwa bando limekwisha. Sabiri akajikokota mpaka mlangoni. Mama Zamda alikuwa amesimama hapo, kiganja wazi.

"Kiingilio, mwanangu."

"Mama, si mimi fundi?"

"Fundi ndiyo. Kwani mechi hukuiona?"