Mpango Wangu wa Kuondoa Chumvi kwa Mbuzi

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Kamati ya mfereji imeniaibisha hadharani. Eti shamba langu la chini limegeuka jeupe kwa chumvi, na kulimwagilia maji ya mto Thuci ni kuyapoteza. Ijumaa atakuja afisa wa maji, Bwana Marete, kukagua. Mwenye shamba la chumvi asiyekuwa na mpango, tena mpango wa gharama nafuu, atanyang'anywa zamu yake ya maji. Zamu yangu! Huku Ishiara bila maji hata magugu yanakata tamaa. Vitunguu vyangu vitakufa vyote.

Jirani yangu Njagi akasimama kujisifu. Akasema dawa ni kumwagilia kidogo na kuchimba mtaro wa kutoa maji ya chumvi yanayotuama, kama alivyochimba yeye pale mpakani mwetu. Wakampigia makofi. Kwa shimo! Nikawaambia wangoje, nina mpango utakaowafunga midomo. Sikuwa nao bado. Lakini mtu kama mimi hakosi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeupata! Asubuhi nilimkuta mbuzi wa mke wangu Ciakuthii amekata kamba, anaramba shamba langu. Anaramba kwa bidii, macho kafumba. Hapo akili ikawaka. Watu wa huku huswaga mifugo nusu siku kuipeleka kwenye munyu, ile ardhi ya chumvi, ikarambe. Munyu si huu hapa kwangu? Mbuzi wataibeba chumvi tumboni na kwenda nayo kwao. Gharama: hakuna. Jasho: hakuna. Nashangaa serikali haijafikiria hili kwa bonde zima.

Nilipomweleza Ciakuthii alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akasema jembe lipo, na Njagi ameshakubali nitoboe ukingo wa mpakani ili maji yangu yatokee kwenye mtaro wake. Huyu mama alizaliwa Kanja, kwenye ukungu na mvua. Atajua nini kuhusu chumvi?

Jumatano, 4 Agosti

Nimeongea na Kivuti, mfugaji wa ng'ambo ya barabara. Kesho analeta kundi zima. Aliuliza nataka nini kwake. Nikasema sitaki kitu, mimi ni mtu wa maendeleo. Akaniangalia sana. Watu hawajazoea ukarimu.

Jioni nilifungulia maji shamba zima, likalowa chapachapa, ili chumvi ilainike na ndimi zisipate taabu. Hayo hayafundishwi shuleni.

Alhamisi, 5 Agosti

Wamekuja! Mbuzi wengi kuliko waumini wetu siku ya Krismasi. Na wameramba, jamani, wameramba! Nilivaa koti la harusi na kofia, nikasimama kwenye kichuguu nikiwaelekeza. Nilijisikia mhandisi. Njagi alitazama kutoka kwake, mikono kiunoni. Wivu ni ugonjwa.

Kasoro ndogo tu. Chumvi ilikuwa nyingi zaidi juu ya ukingo wa mpakani, basi wote wakajazana huko. Wakaramba, wakachimbua kwa kwato, wakasukumana, ukingo ukabomoka. Maji yangu yote yakaanza kumiminikia kwenye mtaro wa Njagi. Wizi mchana kweupe! Njagi akanisihi nisizibe, niyaache yatoke, ndiyo dawa yenyewe. Lazima aseme hivyo, maji si yanakwenda kwake? Ningeziba papo hapo, ila mgongo ulikataa. Mistari miwili ya vitunguu imeliwa. Hiyo naihesabu kama utafiti.

Ijumaa, 6 Agosti

Ushindi! Bwana Marete amekuja na kamati nzima. Maji yalikuwa yameshatoka yote, na weupe umepungua, kila mtu ameona. Akachota udongo, akaonja, akatema. Akaelekeza kidole kwenye lile pengo na kuwaambia wanakamati, "Huyu mzee ako na akili. Amepatia maji ya chumvi njia." Nikamfafanulia kazi ya ndimi. Alikohoa kwa muda mrefu, maskini, labda ni vumbi.

Zamu yangu imebaki! Ameagiza tu nisizibe pengo na nipunguze kumwagilia. Watu wa ofisi hawawezi kuondoka bila kuagiza kitu. Ciakuthii alifungua mdomo kutaja mtaro wa Njagi, nikamkanyaga mguu kwa upole. Njagi amenipa mkono, akanipongeza. Nimemsamehe.

Jumapili, 5 Septemba

Mwezi wa heshima. Watu wananiita Mhandisi, wengine wakicheka kwa furaha. Zamu yangu ikifika nafungulia maji mpaka yapande vifundoni, kwa kuwa ni haki yangu na niliipigania. Pengo la mpakani nililiziba siku ile ile afisa alipoondoka, kwa mawe na udongo wa kichuguu. Kwa hilo mgongo ulikubali. Njagi hapati tone.

Weupe umerudi, nakiri, na umepita ule wa kwanza. Vitunguu vimelala chini vyote. Bwana Marete anarudi Ijumaa. Ciakuthii hajavua hata nguo za kanisani. Yuko mpakani na jembe la Njagi, anabomoa mawe yangu na kuniita nikamsaidie.

Siwezi kwenda, nina kazi ya kichwa. Kosa nimeligundua: mbuzi wa Kivuti walikuja wameshiba, wakaramba juu juu. Nimemwambia kesho aniletee ng'ombe, naye ameitikia. Ulimi wa ng'ombe ni mpana.