Hotuba ya Mheshimiwa Njuguna Siku Watoto wa Lanet Walipopanda Basi la Kwenda Ng'ambo

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma mwakilishi, mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye amepiga simu kusema yuko njiani bila kutaja ni njia gani, Bwana Chifu na manaibu wako wote, Imamu wetu na Pasta wetu, ambao mmeiombea ndege kwa moyo mmoja hata kabla hatujajua ni ndege ipi, Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Kupanga Safari ya Kwanza ya Watoto Kwenda Bustani ya Michezo ya Ng'ambo, ambaye ni mimi mwenyewe, Katibu wa kamati hiyo, ambaye ni mke wangu Sue, kina mama wa kikundi cha Wanjugu, mliotuchezea vizuri tangu asubuhi na sasa mnaweza kuketi, wazazi, na nyinyi watoto mlio ndani ya basi, ambao nawaona kupitia madirisha mkiwa mmevaa vitambulisho shingoni: itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Hamjambo? (Hatujambo.) Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Hamjambo tena? (Hatujambo.)

Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria, na mimi si mtu wa kutumia neno hilo ovyo ovyo, kwani mwaka huu nimelitumia mara mbili pekee, wakati wa kuzindua choo cha soko na wakati wa kukizindua tena. Mnakumbuka tulikotoka. Miaka minne iliyopita nilisimama papa hapa, kwenye uwanja huu wa chifu, nikasema kwamba hakuna sababu yoyote ya kisera, ya kikatiba wala ya kiufundi inayomfanya mtoto wa Lanet, au wa Keringet, au wa Ndabibi, akue akijua bembea ya kamba na tairi peke yake, ilhali watoto wenzake duniani wanafungwa mikanda, wanapinduliwa miguu juu angani, wanateremshwa wakiwa salama na kununuliwa aiskrimu. Nikaahidi kwamba tutawapeleka. Watoto wakachaguliwa kwa uwazi mkubwa, mmoja kutoka kila shule na watatu kutoka nyumbani kwangu. (Mnong'ono.)

Na miongoni mwao yuko Sundus, binti ya Mastura anayetuuzia mahamri pale stage ya matatu. Huyu mtoto alikuwa Grade Four alipoitwa mbele ya kamati akaulizwa kwa nini anataka kwenda. Wengine walisema wanataka kupanda ndege, wengine wakasema wametumwa na mama. Sundus alisema anataka kuona kama ukiwa juu sana bado unaogopa. Katibu alilia. Tukaamua hapo hapo, bila kura, kwamba ndiye atakayekaa kiti cha mbele kabisa. Leo yuko Grade Eight, na bado anataka. (Mama Sundus, kutoka safu ya tatu: "Mheshimiwa, huyu mtoto hajalala wala hajala. Ndege ni saa ngapi?") Nakuja hapo, mathe. Mambo ya ndege ni mambo ya implementation, na mimi bado niko kwenye background.

Wapo wachache, nao najua wanakonywea chai, wanaosema tumechelewa. Hao hawajui maana ya kupanga. Kule ng'ambo, kwenye mlango wa kila bembea, kuna ubao wa kupimia urefu, na mtoto ambaye kichwa chake hakifiki kwenye alama anarudishwa kwa mzazi wake mbele ya watu. Tulipofanya baseline survey ya kaunti nzima, asilimia sitini na nane ya watoto wetu walikuwa hawafiki alama. Hanif, kaka yake Sundus, alikosa kidogo tu, akanililia suruali yangu ikalowa magoti. Kama tungekurupuka tukawapeleka siku ile, tungeaibika kimataifa. Leo nasimama hapa kifua mbele nikiwatangazia kwamba asilimia mia moja ya watoto wamefika alama, na Hanif ameipita na ana ndevu. (Kicheko.) Nitajieni kamati nyingine katika Bonde la Ufa zima ambayo imewarefusha watoto kwa kiwango hicho. (Makofi machache.)

Tukaingia kwenye benchmarking, yaani kwenda kujionea kwanza. Haingewezekana mtoto wa mwananchi apandishwe chombo ambacho kiongozi wake hajakijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo mimi, Katibu, na wanakamati wote tulijitolea kusafiri mara tatu kwa niaba yenu. Haikuwa raha. Tulilala kwenye vitanda vigeni. Tulikula vitu vya kujipakulia wenyewe, unazunguka na sahani hujui utaanzia wapi. Jioni tulizuiwa kutembea nje kwa sababu viboko walikuwa wakitoka ziwani kula nyasi za bustani, na askari mwenye tochi ndiye aliyekuwa akitusindikiza vyumbani. (Mzee Sitati, aliyekuwa mwalimu: "Viboko, mheshimiwa? Huko ng'ambo?") Mwalimu, dunia imebadilika tangu ustaafu. Ripoti tuliileta, ina kurasa nyingi, na imefungwa vizuri sana kwa plastiki.

Baada ya hapo tukaja kwenye mafunzo, na hapa naomba nikae kidogo, maana nimesikia uvumi mwingi unaotembea kutoka Keringet. Ndugu wananchi, ukipanda bembea kubwa ya ng'ambo, kanuni ni kwamba unapiga kelele. Unapiga kelele kwa sauti yote uliyopewa, na jirani yako naye anapiga, na hakuna anayekuja. Huo ndio ustaarabu wao. Sisi hapa tumelelewa tofauti. Kwetu nduru ni nduru. Ukiisikia unaacha ugali mezani, unashika ulicho nacho karibu, unakimbia kuelekea ilikotoka, na huulizi ni ya nani. Mtoto anafundishwa mapema kwamba hicho si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo watoto wetu, wakiwekwa juu ya kitu cha kutisha, walikuwa wakinyamaza kimya na kuuma midomo. Mshauri wetu wa mafunzo, Bwana Karanja, akashauri kwamba wafanyiwe practicals.

Ndipo watoto wakapelekwa Keringet, wakapakiwa kwenye trela la trekta, wakateremshwa mlima kwa kasi, na Bwana Karanja akiwa amesimama mbele yao anawaambia, "Pigeni. Pigeni zaidi. Mnakufa." Na wakapiga, nawapongeza. Tatizo ni kwamba kamati ilikuwa haijafanya public participation na majirani. Mlima wote ukatoka. Walitoka na rungu, na jembe, kuna mama alitoka na mwiko. Bwana Karanja alipoonekana anawapigia kelele watoto wanaolia, hakuna aliyengoja maelezo, na alikaa juu ya tangi la maji la shule hadi Chifu alipofika na gari. (Kicheko kirefu.) Si jambo la kucheka. Mtu wetu alipoteza kiatu na hadhi.

Lakini kiongozi ni yule anayejifunza. Kamati ilitoa tangazo makanisani, misikitini na sokoni, kwamba kila Jumamosi alasiri ni wakati wa mazoezi, na mwananchi yeyote atakayesikia nduru abaki nyumbani kwake na aendelee na shughuli zake. Mwanzoni watu waligoma. Kina mama walikuwa wanasimama mlangoni wakiwa wameshika mwiko. Lakini tukasisitiza, tukarudia, tukafanya sensitization, na kufikia mwezi wa tatu mtoto angeweza kulia kutoka juu ya mlima hadi bondeni bila mtu hata mmoja kuinua kichwa. (Watu wanamgeukia mzee mmoja wa safu ya nyuma.) Najua mnamfikiria Mzee Chesang. Ni kweli kwamba wezi walikuja Jumamosi alasiri, ni kweli kwamba alipiga nduru mpaka sauti ikakatika, na ni kweli kwamba majirani walimsikia wakasema ni watoto wa safari. Ng'ombe wake hawajapatikana, na nampa pole. Lakini nikitoa pole hiyo, lazima pia niseme, kama mtaalamu, kwamba hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa kuonyesha jinsi mawasiliano ya kamati yangu yalivyofika mashinani. (Mzee Chesang anasimama, anavaa kofia, anaondoka.) Asante, mzee, kwa kuja.

Upande wa pasipoti, zimeshughulikiwa. Ninaposema zimeshughulikiwa, namaanisha kwamba watoto wamepigwa picha. Picha hizo ni nzuri, mandhari nyeupe, masikio yanaonekana. Viza nazo ziko kwenye pipeline. (Mama Sundus: "Mheshimiwa, pasipoti mtoto wangu hajawahi kuishika. Atapandaje ndege?") Mathe, roadmap yetu ina hatua, na kila hatua ina stakeholders wake, na wewe utaitwa ikifika yako. (Mzee Sitati: "Mjibu mama, bwana.") Nimemjibu. Kujibiwa na kuridhika ni idara mbili.

Sasa nawaomba mtazame nyuma yangu, kwenye bango. Hiyo ndiyo bustani. Hiyo ngome ya dhahabu yenye minara saba, hiyo reli inayojikunja kama utumbo wa mbuzi, hilo gurudumu ambalo kilele chake kiko mawinguni, hao watoto wanaocheka. Mtoto wa tatu kutoka kushoto anafanana na Sundus, na haikutokea kwa bahati, tuliagiza. Kila nikiangalia bango hili najiuliza, kama si mimi, ni nani angewaonyesha watoto hawa kitu kama hiki? Nimejiuliza mara nyingi na jibu huwa ni lile lile. (Makofi, Katibu akiongoza.)

Muda si rafiki, na kabla sijapunga bendera hii ili basi liondoke, niruhusuni nishukuru. Namshukuru mwenye basi, aliyetuazima kwa ajili ya picha, na anayeomba lirudishwe mapema kwa kuwa mchana lina mazishi. Dereva atatoka kwa geti hili polepole, atazunguka pale posho mill tunakosagia unga, ataingia kwa geti la nyuma, na watoto wataendelea kupunga mikono hadi mpiga picha aseme inatosha. Nawashukuru wahudumu wa ile hoteli ya kando ya ziwa, hapo Naivasha tu, ambako kamati ilifanyia benchmarking zake zote tatu, kwa ukarimu na kwa ule uvumilivu wa kutusindikiza na tochi. Na kuliko wote namshukuru kijana Kahiga, mchoraji wa mabango. Tulimwendea tukamwambia atuchoree bustani ya ng'ambo. Akauliza ya nchi gani. Tukamwambia asitusumbue na details, achore. Akachora usiku na mchana, akaipa hata jina. Baadaye kamati ilijaribu kuiandikia bustani hiyo barua, tukagundua kwamba haina anwani, haina simu, haina nchi, na haiko mahali popote isipokuwa hapa nyuma yangu. Kwa hiyo Kahiga, simama upigiwe makofi, maana bila wewe watoto hawa hawangekuwa na pa kwenda. (Kahiga hasimami. Dirisha la basi linafunguliwa. Sundus: "Kwa hivyo hatuendi?")

Swali zuri, na Katibu ameliandika.

Sasa tumalizie kwa kauli mbiu yetu. Nikisema Safari, mseme Iko. Safari. (Kimya.) Wa huko nyuma hamjanisikia. Safari. (Sauti ya Katibu peke yake: "Iko.") Mtoto wa leo. (Kimya.) Abiria wa kesho. Nimewasaidia.

Asanteni sana na mbarikiwe. Dereva, washa. Na wewe mama Sundus, usilie mbele ya kamera, hilo gauni la safari ulilomshonea mtoto nimeliona, na limeshonwa vizuri sana. Litunze. Bajeti ijayo tunaanza phase two, tutahitaji watoto wa kupigwa picha, na kama litakuwa limembana, si ana mdogo wake.