Waraka wa Umri wa Mwili

Ilitangazwa rasmi, mbele ya maua ya plastiki na vipaza sauti vinne, kwamba kuanzia Jumatatu uzee wa kalenda umefutwa. Cheti cha kuzaliwa, alieleza Mkurugenzi wa Mamlaka ya Umri, ni ushahidi wa kusikia tu, kwa kuwa hakuna mtu aliyejishuhudia akizaliwa. Sasa mtumishi atahesabiwa Umri Halisi wa Mwili. Atakayepimwa akakutwa na sitini au zaidi, atakabidhi ofisi siku hiyohiyo. Atakayekutwa chini ya hapo ataendelea kulitumikia taifa mpaka mwili wake nao ufike. Watu walipiga makofi, hasa waliokaa karibu na kamera.

Aliyekosa nguvu ya kupiga makofi ni tarishi wa jengo, ambaye wenzake walimwita Lifti. Lifti yenyewe ilikufa miaka kumi na sita iliyopita, ikaundiwa kamati, na tangu hapo mafaili yote yalipanda ghorofa saba kwa miguu ya huyu bwana. Kwa cheti chake, alibakiza wiki tatu astaafu. Magoti yalimuuma, ndiyo, lakini si hayo yaliyomkosesha usingizi. Mkewe macho yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayatamaliza mwaka.

"Mume wangu, miaka thelathini nakuona kwa taa," alimwambia. "Nataka nikuone mchana, kabla hayajazima."

Basi akaenda kupimwa akiwa amedhamiria kuwa mzee. Alichechemea, akakohoa, akauliza mara mbili huu ni mwezi gani. Muuguzi, mama mtu mzima asiyeyumbishwa, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Alisimama mpaka muuguzi akamaliza chai yake. Moyo ukapimwa, pumzi zikapimwa.

"Thelathini na tisa," muuguzi akaandika.

"Dada yangu, nina wajukuu sita. Hebu pima na magoti."

"Magoti hayamo kwenye fomu, kaka."

Mkurugenzi alifurahi mno. "Mnaona faida ya kutotengeneza lifti?" aliwauliza waandishi wa habari. "Huyu tunaye miaka ishirini na moja zaidi." Tarishi alisimama pembeni na mafaili kifuani, machozi yakimlengalenga, akitabasamu kama mpiga picha alivyomwelekeza.

Kwa kuwa kiongozi bora huonyesha njia, Mkurugenzi naye, aliyekuwa na miaka hamsini na mbili ya kalenda, akataka apimwe palepale hadharani. Kipimo cha kwanza kilikuwa chepesi: kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu. Mkurugenzi akainama mbele, akahema, akarudi alikotoka. Akaeleza kuwa kiti hicho kina shimo. Kikaletwa kingine, nacho kikagundulika kina kasoro za kiufundi. Kikaletwa cha mlinzi, cha mbao. Hapo hata waandishi wakaanza kumwonea huruma.

"Sabini na nne," muuguzi akaandika.

"Andika vizuri, mama."

"Nimeandika vizuri, mzee."

Mwanasheria wa Mamlaka akafungua waraka, kifungu cha nne, ambacho Mkurugenzi alikitunga mwenyewe akijiandalia njia: nafasi yoyote ikiwa wazi, itakaimiwa na mwenye umri mdogo wa mwili kuliko wote. Orodha ikasomwa. Vijana wa ghorofa ya tano, wanaoganda mbele ya kompyuta toka asubuhi hadi jioni, hakuna aliyekuwa chini ya hamsini. Tarishi akakabidhiwa muhuri.

Waandishi wakataka kusikia dira yake. Akasema ni fupi. Akaomba kalamu, na kwa mamlaka aliyopewa akamwandikia tarishi barua ya kustaafu mara moja. Penye sababu akajaza: "Anahitajika nyumbani mchana." Akagonga muhuri, kisha akamwachia muuguzi autunze.

"Na mimi je?" akauliza Mkurugenzi wa zamani, bado yuko kwenye kiti cha mlinzi. "Mimi nakata rufaa."

"Ni haki yako, mzee wangu. Rufaa zinapokelewa ghorofa ya saba."

"Sasa hilo faili nani atanipandishia?"

Yule bwana akafikiri kwa dhati kabisa, maana kazi aliiheshimu.

"Hapo pagumu," akasema. "Tarishi amestaafu."

Akavaa kofia yake, akatoka. Ilikuwa ndiyo kwanza saa tano asubuhi.