Mvua ya Dakika Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mwanafunzi wa chuo amefika na mabegi mawili na mashine ya kupimia mvua. Miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo. Karatasi yake inasema amekuja kuisaidia "jamii ya asili" kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Jamii ya asili ni sisi. Nimeisoma yote, kurasa sita, mara mbili. Mimi simo.

Miaka kumi na tisa napima mvua ya hapa kwa kopo la bati na rula. Kila asubuhi, hata nikiwa na homa, hata siku tuliyomzika baba. Siku 6,940. Sijawahi kuandika namba ya uongo. Shule niliishia darasa la saba, hesabu nikajifundisha mwenyewe. Watu wananiita Kopo. Zamani lilikuwa tusi. Siku hizi ni cheo.

Mashine wameisimamisha hatua kumi kutoka kwenye kopo langu. Uwanja wote ule!

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Mwanafunzi alisema mvua zimekuwa fupi, jambo ambalo kila mwenye shamba analijua. Akasema tegemeo letu ni mtama wa siku sabini, ule wa wazee. Kweli. Na aliyebaki nao ni shangazi yangu peke yake. Vibuyu vitatu. Vikiisha, umekwisha duniani.

Huo mtama hautaki mvua ya kubabaisha. Chini ya milimita ishirini kwa siku, mbegu inachipua halafu inakauka. Kwa hiyo shangazi huchomeka mkono ardhini. Unyevu ukiishia kidoleni, anasubiri. Ukimeza kiganja chote, anapanda. Na kabla ya kupanda huniuliza kopo linasemaje.

Huniuliza mimi! Sasa wanasema itaulizwa mashine. Watu wakapiga makofi. Nilihesabu: sekunde kumi na nane. Kwangu, miaka kumi na tisa, sekunde sifuri.

Nina mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku ilinyesha kidogo. Kopo: nne. Nikaandika nne.

Alfajiri, mwanafunzi akiwa bado amelala, nilipiga hesabu. Mdomo wa mashine ni sentimita ishirini. Ili nne iwe ishirini na sita, inatakiwa karibu robo tatu ya lita. Nilichota kwa kopo lenyewe, nikamimina. Haraka yangu ikaligonga kopo kwenye ukingo wa chuma, likabonyea mdomoni. Hasara ndogo. Saa nne ningesimama mbele ya wazee: nne hii hapa, ishirini na sita ile pale, ardhi mnaiona. Mashine ingerudi chuoni ikiwa imefungwa kamba.

Saa moja kamili mashine ikatuma ujumbe yenyewe kwenye simu arobaini na moja. *Milimita 26. Pandeni.*

Hakuna aliyeniambia kwamba inatuma yenyewe! Nasikia mwanafunzi alilieleza jana mkutanoni. Nilikuwa nahesabu makofi.

Nilikimbia mpaka shambani. Shangazi alikuwa amepiga magoti, mkono ardhini. Nikamwambia kopo linasema nne. Jirani yake akacheka, akasema Kopo wivu utamuua. Shangazi akautoa mkono, akautazama. Unyevu uliishia kidoleni.

"Mkono wangu unasema kidole, mashine inasema kiganja," akasema. "Mashine imesoma kuliko mimi, mwanangu."

Lilibaki neno moja tu la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Sikulisema.

Alipanda vibuyu viwili. Kimoja alikirudisha nyumbani, kwa mazoea tu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku kumi na moja za jua. Nimepita shambani kwa shangazi, nikahesabu mstari mmoja wa hatua mia. Miche iliyo hai: mitatu. Mingine imelala kama nyuzi. Shangazi alikuwa anaichomoa mmoja mmoja na kuipanga kando, kama mtu anayepanga nguo za marehemu. Sikukaa.

Kijijini hawamsalimii mwanafunzi. Muuza duka amempa jina, Binti Ishirini na Sita. Nimefurahi. Nilifurahi mpaka kama saa nne hivi. Baada ya hapo sijui nini kiliniingia.

Jumanne, 18 Machi

Mwanafunzi amekuja kwangu. Amekonda. Msimamizi wake kasikia habari, anakuja Jumamosi. Mashine ikionekana ilikosewa kufungwa, mafunzo yake yanafutwa, mwaka anauanza upya. Karo analipiwa na kaka yake fundi viatu.

Kisha akanitandikia karatasi mezani. Kumbe mashine inaandika kila dakika! Usiku mzima, nne. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, ishirini na mbili.

"Hii ni mvua ya dakika moja, mzee," akasema. "Na haikulowesha hata nyasi za pembeni."

Nikamwambia huenda ni ndege.

"Ndege gani anabeba robo tatu ya lita?"

Na yeye kapiga hesabu! Kwa kichwa, nadhani. Nikamtolea kiti, ilhali alikuwa ameshakaa.

Akasema karatasi hiyo akimwonyesha msimamizi, yeye atapona. Ila hataki shangazi yangu asikie kutoka kwa mgeni. Akanipa mpaka Jumamosi.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa shangazi. Nimebeba kopo, sijui kwa nini. Labda nisijione mpweke.

Alikuwa anachambua mbegu za kile kibuyu cha mwisho. Nilianza na hali ya hewa. Nikaenda kwenye afya yake. Nikaenda kwenye afya ya mbuzi. Akalichukua kopo, akapitisha kidole ukingoni, mahali lilipobonyea. Palikuwa na rangi ya kijani. Mashine ni ya kijani.

Nilisikia mbegu zikidondoka kwenye ungo.

"Siku ile ungesema, ningekusikiliza wewe," akasema. "Nenda kalinyooshe."

Afadhali angenitukana.

Sijalinyoosha. Ukilinyoosha, watu watauliza lilibonyeaje.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kweli! Usiku kucha, na ardhi asubuhi ilikuwa inatoa povu. Tulikusanyika uwanjani, msimamizi akiwa na viatu vya mjini na matope mpaka soksi. Kabla mwanafunzi hajafungua karatasi yake, shangazi akasimama. Akasema mashine haina kosa na binti hana kosa. Mtu wa kwetu aliimwagia maji, na jambo hilo limekwisha nyumbani. Watu wakatazamana. Mimi pia nilitazama huku na huku, kumtafuta.

Msimamizi akaandika kwamba mafunzo yanaendelea. Wazee wakaamua: kuanzia leo hapandi mtu mpaka mashine, kopo na mkono vikubaliane. Binti akasoma mashine. Ishirini na nne. Shangazi akachomeka mkono, ardhi ikameza kiganja. Kisha akanigeukia, na kijiji chote kikanigeukia.

"Kopo linasemaje, mwanangu?"

Niliingiza rula. Kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nilijua mara moja. Mdomo ukibonyea unakusanya pungufu. Nilipiga hesabu palepale: bila lile bonyeo, ishirini na nne kamili. Nilichotakiwa ni kusema tu hivyo.

"Ishirini na nne na nusu," nikasema.

Makofi. Sekunde ishirini na moja.

Shangazi alinitazama kidogo, akajifunga kanga kiunoni, akabeba kibuyu chake cha mwisho kwenda shambani. Mwanafunzi kaniomba daftari. Miaka kumi na tisa yote itaingia kwenye ripoti yake, pamoja na namba ya leo. Nimeona ukurasa wa kwanza. Mimi nimo.

Kesho namwandikia msimamizi. Mashine yao inapunja nusu milimita.