Ini Alilokula Profesa

Jumatatu, 8 Julai 1996

Sabasaba imeisha, na mimi nimeisha. Ujumbe umeingia kwenye simu ya upepo: Profesa Lyamba anakuja Mpanda na treni ya Alhamisi kukagua utafiti wangu. Asiporidhika, mradi unafungwa, nami narudi kufundisha kemia sekondari. Kidato cha pili! Mungu apishe mbali.

Utafiti wenyewe hata wifi yangu anauelewa. Ini ndilo linaloivunja dawa mwilini. Mbuzi akichomwa sindano ya usingizi, analala mpaka ini limalize kazi yake. Mimi nasema mzizi wangu wa Kabungu unaliharakisha ini, kwa hiyo mbuzi aliyeunywa ataamka mapema. Specioza, mtafiti mwenzangu wa chumba cha pili, anasema mzizi wangu ni kuni. Wivu tu!

Jumanne, 9 Julai

Jaribio. Mbuzi mweupe kanywa mzizi, mweusi kanywa maji. Wote sindano sawasawa. Wameamka pamoja. Pamoja! Specioza amecheka hadi akashika ukuta. Nimewanyima majani wale wasaliti, halafu nikawahurumia.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata akili. Mweupe nitampa nusu dozi. Mweusi, dozi mbili. Profesa akifika, mweupe anarukaruka, mweusi anakoroma. Si uongo huo. Ukweli umekwama, mimi nausukuma kidogo. Specioza kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia jino linauma.

Alhamisi, 11 Julai

Treni imechelewa, kama kawaida yake. Nilishawachoma mbuzi sindano, nikawaacha uani, nikaenda stesheni. Profesa ameshuka na vumbi hadi kwenye kope. Alikosa kiti, amesimama tangu Tabora. Ana njaa.

Tunakaribia nyumbani, nasikia harufu ya nyama choma. Nikaongeza mwendo. Uani yupo jirani yetu Mzee Ngolo, mfugaji wa Kisukuma aliyeniazima wale mbuzi. Alikuja kuwajulia hali, akamkuta mweusi yuko chini, ulimi nje, macho yamegeuka. Akafanya anachofanya mfugaji yeyote mwenye akili: kamuwahi kwa kisu kabla hajawa kibudu. Ananiambia nimshukuru, nyama imeokoka! Mweupe naye kasimama pembeni, anatafuna kanga ya Specioza.

Na mila ni mila. Ini linachomwa palepale, ngozi haijaisha kuchunwa, na anayeanza ni mgeni. Mgeni ni Profesa. Nilifungua mdomo. Niseme nini? Kwamba lina dozi mbili? Si nitakuwa nimejifunga mwenyewe? Nikaufunga. Yeye na Mzee Ngolo wamegawana ini lote. Profesa kalamba chumvi vidoleni, kasema tangu aanze kazi ya maini hajaonja tamu hivi. Kisha kaegemea kiti, akalala fofofo.

Mama yangu! Nimeua mtu!

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi bado amelala. Nimemtikisa, wapi! Nimemwita kwa vyeo vyake vyote. Kimya. Nikaona polisi, nikaona mahakama, nikaona jinsi mama atakavyolia kule Ikola. Ee Mungu, nipe kidato cha pili! Nipe hata cha kwanza!

Ndipo nikakumbuka mzizi. Nimeuchemsha mbio, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Akakohoa. Akafumbua macho. Akauliza kama kuna chai.

Nimelia, sifichi. Nimemkumbatia hata Specioza, kwa bahati mbaya. Profesa kanywa chai, kamtazama mweupe anavyoruka ukuta, kasema inatia moyo, mradi uendelee mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Mzigo wote umeshuka. Leo hata ugali wa baridi ni mtamu.

Jumamosi, 13 Julai

Profesa kaondoka salama. Specioza hakosi neno. Anasema eti Mzee Ngolo alikula nusu ya ini lilelile, na jioni alikuwa Kakese anaswaga ng'ombe. Eti Profesa alichoshwa na treni tu, na mzizi wangu bado ni kuni.

Masikini, hajui sayansi. Mtu kalala, kanywa mzizi, kaamka. Anataka ushahidi gani tena?

Kosa langu lilikuwa moja tu: mbuzi ni mdogo. Mwakani Profesa anakuja na kamati nzima. Nimeshamwomba Mzee Ngolo fahali.