Kipimo Kilichopanda Darini

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Agustino, fundi kutoka Makambako, amefunga kipimo cha udongo katika kila shamba la parachichi hapa Kichiwa. Udongo ukikauka, kipimo kinaiarifu kompyuta ya ofisi yao ya Makambako, nayo inafungua koki ya shamba hilo. Chemchemi ni moja, eti kila mtu atapata haki yake. Haki! Miche ya jirani yangu mama Lukresia inang'aa kama imepakwa mafuta. Mwisho wa mwezi wanunuzi watachagua shamba moja tu. Lazima liwe langu.

Jumanne, 9 Septemba
Akili ni mali. Nimeng'oa kipimo changu, nikakificha kwenye dari la jiko, katikati ya mahindi yanayokaushwa na moshi. Mkoa mzima hakuna pakavu kama pale! Mke wangu Priska ameuliza natafuta nini juu. Nimesema panya. Ugali haujaiva, koki yangu ikafunguka. Ya Lukresia ikajifunga.

Alhamisi, 11 Septemba
Maji hayakomi. Shamba limekuwa kidimbwi. Ukungu umelala juu yake tangu asubuhi, na vyura hawalii. Lukresia amepita, akasema chemchemi imebaki tope na ng'ombe wake wamerudi na kiu. Nimempa pole nyingi sana. Mara simu ikatetema. Ujumbe wa Makambako: "Tumetafuta mizizi yako. Hatujaiona." Nywele zimenisimama. Nimempigia Agustino. Anaapa hakuna aliyeandika maneno hayo.

Jumamosi, 13 Septemba
Droni yao, kile kindege cha kunyunyizia dawa, imekuja. Haikwenda shambani! Imefuata kipimo hadi jikoni, tukiwa tunaota moto. Ikashuka mpaka mlangoni, ikatutazama mmoja mmoja. Priska alishika rozari. Ikatunyunyizia dawa, ikapotelea kwenye ukungu. Kisha ujumbe: "Miti miwili imeonekana. Mmoja una afya. Mmoja umezeeka, hauzai. Utang'olewa Jumatatu."
Nimecheka. Priska hakucheka. Amesema kipimo kirudi shambani leo hii, na nikamwombe Lukresia msamaha. Nimesema sawa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimefika shambani na kipimo mkononi. Kila mche niliougusa umetoka mkononi bila kuvuta, mizizi imeoza. Miaka miwili ya jasho! Nimelia kweli, peke yangu kwenye matope.
Halafu nikapata wazo. Watu wakiwa kanisani, nimepanda dari la jiko la Lukresia, nikakiacha kipimo huko. Wakautafute mti mzee kwake! Nikiwa bado ngazini, simu ikatetema: "Mti umehama. Tunaufuata."
Nimekimbia hadi nyumbani. Kitu kinavuma nyuma ya mianzi, hakisogei wala hakiondoki.
Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nimemwambia Priska kesho kutakuwa na baridi kali, avae koti langu na kofia yangu tangu alfajiri. Mimi nitajifunga kitenge chake. Amefurahi mno, maskini. Anasema tangu tuoane, leo ndiyo nimemjali.