Pikipiki Isiyodondosha Tone

Mtu akivunjika mguu huomba mkongojo. Akiachishwa kazi hutafuta nyingine. Lakini tapeli akipoteza meno mawili ya mbele, jamani, huyo kafiwa, na apewe pole kama wafiwa wengine.

Ndivyo yalivyomkuta bwana mmoja ambaye mji mzima ulimwita Ulimi. Wazazi wake walimpa jina jingine, jina zuri tu, ila alikuwa amelitumia vibaya katika ofisi nyingi mno hata mwenyewe akawa analiogopa. Alikuwa amemuuzia mwenye bucha mmoja kiwanja "kilicho tambarare, chenye majani na majirani wachangamfu." Mwenye bucha alipokwenda na mafundi wake kuchimba msingi, alikuta timu mbili, refa na mashabiki. Kiwanja chake kilikuwa lango la uwanja wa mpira. Hakwenda polisi. Alikwenda kwa Ulimi.

Tangu siku hiyo kila neno la Ulimi lilitoka na mluzi. Akisema "asilimia", mbwa wa mtaa walisimamisha masikio. Sasa nani atamkabidhi mali yake mtu anayepiga mluzi katikati ya ahadi? Kazi ikafa. Alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, na dada mtu, kwa huruma zake, ameshaanza kumtafutia kazi ya ulinzi. Kazi halali, yenye sare na filimbi! Ulimi alisikia baridi mgongoni kila akiiwaza.

Basi akajikokota mpaka kwa daktari wa meno, mfukoni hana kitu.

"Nani kakufanyia hivi?" daktari akauliza, akimulika kinywani.

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi iliyovaa pete," daktari akasema kwa upole. "Alama yake hii hapa mdomoni."

Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kubembeleza watoto. Ulimi, akiwa amelazwa kwenye kile kiti na kinywa wazi, hakuwa na la kufanya ila kutazama ukuta. Ukuta ulikuwa umejaa picha za pikipiki za kale. Mtu mwingine angeona picha. Ulimi aliona udhaifu wa binadamu mwenzake, na moyo wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu ile ngumi.

"Daktari, kumbe wewe ni mpenzi wa hivi vitu!"

Daktari akashusha pumzi. "Acha tu, ndugu yangu. Nimeacha nafasi sebuleni, chini ya saa ya ukutani. Nataka moja tu, niwe naitazama nikinywa chai. Lakini mke wangu ana vigae vyeupe. Kasema siku litakapodondoka tone moja la mafuta, pikipiki itatoka, na mimi nitaifuata."

"Na za kale huvuja."

"Zote! Hata ile ya yule mama wa nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba ya mlango wa buluu. Sijaona nzuri kama ile. Inavuja vilevile, tena mwenyewe haiuzi." Daktari akajiziba mdomo ghafla, kama mtu aliyeropoka.

"Haiuzi kwa asiyejua kuomba," Ulimi akasema, na mluzi wake ukazunguka chumba kizima.

Wakakubaliana palepale. Ulimi alete pikipiki isiyodondosha hata tone, daktari ampandikize meno ya kudumu, na hakuna atakayegusa mfuko wa mwenzake. Ili mluzi usiharibu mazungumzo, daktari akambandikia meno ya kuazima. "Gundi yake ni ya muda," akaonya. "Usitafune mfupa, na usipige kelele."

Ulimi akatoka pale anatabasamu mpaka watu wakampisha njia. Mpango ulikuwa mwepesi kama maji ya kunywa. Atajifanya fundi, ataomba kuijaribu pikipiki barabarani, na barabara itamfikisha kwa daktari. Yule mama atabaki na mlango wake wa buluu.

Mama mwenyewe alimfungulia akiwa na kanga kiunoni na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa mtu mzima hasa, mwembamba, aliyekuwa akishona magodoro kiwandani mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni fundi wa mashine za kale. Tuna chama chetu. Tunazunguka kuokoa urithi wa taifa, bure kabisa, tunatafuta thawabu tu. Nimesikia una mgonjwa hapa ndani, anavuja."

Mama akamtazama juu mpaka chini, akatua kwenye meno. "Meno mazuri hayo," akasema. "Pita ndani."

Uani, chini ya bati, pikipiki ilikuwa imesimama, na Ulimi, ambaye hajawahi kupenda kitu asichoweza kukiuza, alijikuta anameza mate. Tangi lilikuwa jekundu la kung'aa. Kiti kimeshonwa upya, uzi juu ya uzi. Matairi mapya, taa kama jicho la ng'ombe. Chini ya injini tu ndipo palipokuwa na kipande cha boksi, na juu ya boksi doa jeusi la mafuta, na katikati ya doa tone jingine likianguka, *to*.

"Marehemu aliitunza," Ulimi akasema kwa sauti ya msibani.

"Marehemu yupi?"

"Mzee wako."

"Mzee wangu alikuwa anaogopa hata baiskeli. Hii ni yangu." Akavuta uzi shingoni na kumwonyesha ufunguo, kisha akaurudisha kifuani. "Kazi utaifanyia hapahapa uani. Ikiacha kuvuja, ndipo itaona barabara. Chai utakunywa kwangu."

Ulimi akaona hapo hapana shida. Tapeli wa kweli hazibi kinachovuja, huondoa kinachovujishwa. Mama alipoingia jikoni, akafungua nati ya chini, akamwaga mafuta yote kwenye ndoo na kuyatupa mtaroni, akapangusa injini kwa kitambaa, akaweka boksi jipya. Kesho yake boksi lilikuwa safi kama shuka ya hospitali.

"Hata tone!" akasema, mikono kiunoni. "Lete ufunguo nikaijaribu, mama."

Mama akainama, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama kwenye mwanga. Kikavu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hata maiti hakohoi. Utasema kapona kifua?"

Akaingia ndani, akatoka na kopo la mafuta, akajaza injini mpaka kwenye alama. Pikipiki ikaanza tena, *to, to*, kana kwamba inamcheka.

Ulimi akahamia kwenye gundi. Alinunua gundi ya kuzibia mabomba, akaipakaza kwenye maungio yote mpaka injini ikawa kama keki ya harusi. Mama akamwambia haya, tuiwashe hapahapa tuone. Akapiga kiki yeye mwenyewe, mara moja tu, ikaitika. Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa shwari. Kisha gundi ikatoa kipovu, kipovu kikapasuka, na mafuta ya moto yakamrukia Ulimi kwenye shati lake la kitapeli, lile la kola ngumu.

"Bandua yote," mama akasema. "Chai iko mezani."

Ilibidi aende kwa fundi wa kweli. Fundi huyo, kwa bahati mbaya, aliwahi kuuziwa na Ulimi betri isiyokufa, ambayo haikufa kwa sababu haikuwahi kuwa hai. Hakumruhusu hata kuvuka kizingiti. Lakini mafundi wana ugonjwa mmoja: ukiwatajia hitilafu hawawezi kunyamaza.

"Kifuniko cha injini kimepinda," akasema kupitia dirishani, akicheka. "Weka msasa juu ya kioo, ukisugue mpaka uso wake uwe sawa. Gasketi, ile karatasi ya kuziba katikati, ukate mwenyewe. Skrubu zikaze kwa kukata msalaba, moja huku na nyingine ng'ambo, usizungushe kama unafunga kopo. Hutaweza. Kazi ya mikono hiyo."

Ni hilo la "hutaweza" lililomchoma. Ulimi akarudi uani, akatandika msasa juu ya kioo cha dirisha bovu, akaanza kusugua. Mama akavuta kigoda. Akisugua kwa hasira, mama alisema, "Polepole, hunyonyoi kuku." Akikata gasketi kombo, mama aliinyanyua, akaitazama na kuitupa kwenye takataka bila neno. Malengelenge yalipasuka, mapya yakaota. Jioni dada yake alipomwona na kucha nyeusi alilia kwa furaha, akidhani kapata kazi, naye Ulimi alishindwa kumwambia kama kapata au kapatikana.

Na baada ya yote hayo bado ikavuja! Kidogo tu, tone la uchoyo, lakini ikavuja. Ulimi akakaa chini kwenye saruji. Akayaona meno yake ya kudumu yakienda zake, na ile filimbi ya ulinzi ikija. Alikuwa amechoka kweli, hata uongo haukumjia.

"Kwa nini?" akaiuliza pikipiki. "Nimekuziba kila mahali."

Hapo ndipo lilipomjia wazo. Yeye mwenyewe kila alipozuiwa kusema, maneno yalimsukuma kifuani yakitafuta pa kutokea, na yalipotoka yalitoka pasipofaa. Je, na huyu? Huyu anapumulia wapi? Akalala chali, akapapasa nyuma ya injini mpaka akagusa kijibomba kidogo kinachoning'inia. Akakivuta, akakipuliza. Hakikupitisha hewa. Ndani mlikuwa mmezibwa kwa udongo mgumu, nyumba ya nyigu aliyehamia na kuondoka zamani.

"Mama! Mama, njoo! Haipumui! Masikini ya Mungu, ilikuwa haipumui!"

Mama alikuja mbio na kijiko mkononi. Wakaikuna ile nyumba ya nyigu kwa waya, wakarudisha kijibomba, wakawasha, wakazima, wakatandaza boksi jipya. Wakanywa chai wakilitazama. Wakanywa nyingine. Boksi likabaki jeupe, na kijiti cha mafuta, mama alipokipima, kikaonyesha kujaa. Ulimi akageuza uso akajifanya kuna kitu kimemwingia jichoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema jambo likawa kweli.

Kisha akajikumbuka. Meno!

"Sasa, mama," akasema kwa sauti yake ya asali, "fundi huijaribu kwanza barabarani. Ndiyo desturi ya chama chetu."

"Desturi nzuri," mama akasema. Akavua kanga; chini yake alikuwa na suruali. Akachukua kofia ngumu kutoka nyuma ya pipa, akaivaa, akafunga kamba kidevuni. "Lakini mimi nimengoja zaidi."

Akapiga kiki, akatoka na mlango wa uani, na kona ya kiwanda cha magodoro ikamficha.

Ulimi akangoja. Akafagia ua. Akapanga spana kwa ukubwa. Kivuli cha bati kikavuka ua mpaka ukuta wa pili, na mama hakurudi, na polepole ikamwingia akilini kwamba hii njia anaijua. Mtu anaomba kuijaribu, barabara inamchukua. Kaibiwa pikipiki aliyokuwa anaiiba!

Akaenda kwa daktari kwa miguu, njia nzima akitunga uongo, na kila mmoja ukiwa mbaya kuliko wa kabla yake. Alipofika, uongo wote ukamkauka. Mbele ya kliniki, juu ya chungu cha maua kilichovunjika vipande, pikipiki nyekundu ilikuwa imeegemea ukuta. Ndani, mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia magotini.

"Karibu," daktari akasema. "Shangazi ananiambia kazi yako ni safi."

"Shangazi?" Ulimi akasema.

"Ndugu wa baba yake, toka nitoke," mama akasema.

"Na vigae vyeupe? Na mkeo?"

"Sijaoa, ndugu yangu," daktari akasema, na kweli alionekana kusikitika. "Unajua, mji huu ukimvunja tapeli meno, haendi kwingine, anakuja kwangu. Na hana kitu. Nifanyeje, nimfukuze? Yule aliyeshona kiti alikuwa anauza bima za uongo. Jino la pembeni. Tangi lilipakwa rangi na mrithi wa mgodi wa dhahabu. Matairi ni ya bwana mmoja aliyekuwa na tiba ya upara, huyo alikuja na taya zima."

Ulimi akafungua kinywa kupiga kelele. Alikuwa ameonywa. Meno ya kuazima yakaruka, yakadunda sakafuni, yakasimama mbele ya viatu vya mama. Mama akayaokota, akayapangusa, akampa mpwa wake.

"Kaa kitini," daktari akasema. "Kazi ni kazi, na deni langu nalilipa."

Ulimi akakaa. Angefanya nini? Daktari akashughulika mpaka mdomo wote ukafa ganzi, kisha akamwekea kioo mbele. Jino lilikuwa zuri, limekaa kana kwamba limezaliwa pale. Pembeni yake pengo lilikuwa palepale.

"Na la pili?"

"Mapatano yalikuwa uilete wewe," daktari akasema kwa ile sauti ya kubembeleza watoto. "Kaileta shangazi mwenyewe. Kwa hiyo nusu."

Mama akakohoa. "Halafu, mwanangu, kile chungu cha maua hukukiona pale nje? Sikukigonga kwa kupenda. Ndicho kilichonisimamisha."

Ulimi akatazama kioo, akatazama mikono yake yenye kucha nyeusi. Alikuwa na kila sababu ya kuondoka. Alikuwa na hasira za kutosha kuondokea. Hata mguu mmoja alishaushusha kwenye kiti. Ila lile swali lilikuwa limeshamkaa rohoni, likimsukuma, likitafuta pa kutokea.

"Breki haishiki kabisa," akauliza, na mluzi mwembamba ukapita kwenye lile pengo moja, "au inashika ikitaka?"